Namba ya Tatu

Mzee alikibonyeza kitufe cha kwanza kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama limepoa. Spika ikatoa mlio wa ubao. Akasubiri mpaka mlio ulipokufa, akakibonyeza tena kitufe kilekile, safari hii kwa nguvu za mtu aliyewahi kufanya kazi ya nyundo, na spika ikatoa mlio uleule, kwa ukubwa uleule, bila tofauti hata chembe. Akarudia mara ya tatu. Hakukitazama kisanduku, alinitazama mimi.

"Mbona kinajibu vilevile?"

Ilikuwa Jumapili alasiri, barazani kwangu hapa Ndeeba, Kampala, na mashine za kupasulia mbao zilikuwa zimenyamaza. Kisanduku hicho nilikuwa nimekimaliza usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya miezi minne ya kazi ya jioni, na Mzee, ambaye ni jirani yangu na aliyepiga amadinda, ile ala ya vibao ya Buganda, katika ujana wake, ndiye mtu wa kwanza niliyemwita akione. Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo vitufe vinavyofanya kazi. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu ya mtu ambaye hajaridhika, kisha akaushika waya uliotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kompyuta.

"Na huu nikiuchomoa?"

"Ukiuchomoa, Mzee, hakitalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akauachia waya, akamaliza chai yake, akaaga.

Maswali hayo mawili yamenikaa kichwani kwa wiki saba.

## Kengele haibebi pamba

Kwa swali la pili nilikuwa na jibu, hata kama sikulitoa vizuri. Kontrola, kama wapiga muziki wa mjini wanavyokiita chombo cha aina hii, haina sauti yake yenyewe. Kinachopita kwenye waya ni habari tu: noti fulani imeanza, noti fulani imekatika, kizungushio fulani kimefika hapa. Kompyuta ndiyo inayozisoma habari hizo na kuamua kama kitakacholia ni ngoma, filimbi au mlango unaofungwa. Lugha ya habari hizo inaitwa MIDI, na ni mkataba uliokubaliwa na viwanda vilivyokuwa vikishindana. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala huko California, kinanda cha Sequential kutoka Marekani kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland kutoka Japani, na vikaelewana. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliousukuma mkataba huo, waliuacha utumike bila ada, na nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba mhasibu wa duka la misumari na mabati anaweza leo kuizungumza lugha hiyo akiwa mezani kwake bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilipomweleza Mzee hayo siku chache baadaye, alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alifanya kazi ya reli, na Kiswahili chake chote alikipata huko, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Akaniambia kwamba stesheni moja ilipoipigia nyingine kengele kuijulisha kuwa gari moshi limeondoka, kengele yenyewe haikubeba gunia hata moja.

"Kengele haibebi pamba," alisema. "Hilo nimelielewa. Mimi nauliza lile la kwanza."

Lile la kwanza ndilo lililoniuma.

Noti moja inapopigwa, zinatumwa namba tatu. Ya kwanza inataja tendo na chaneli, kati ya chaneli 16 zilizopo: 144 maana yake ni noti kuanza kwenye chaneli ya kwanza. Ya pili inaitaja noti yenyewe: 60 ni ile do ya katikati ya piano. Ya tatu inaeleza noti imepigwa kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 127, na ikiwa 0 noti inakatika. Nilipoufungua tena msimbo wangu usiku ule, nikaikuta namba ya tatu mahali nilipoiweka mwenyewe, au tuseme mahali nilipoinakili. Ilikuwa 100. Ilikuwa 100 kwa kila noti, kwa kila kidole, kwa mtoto na kwa mzee, kwa sababu kitufe hakijui lolote zaidi ya kufungwa na kufunguliwa, na aliyeuandika msimbo ule alihitaji kuweka namba yoyote ili mlio usikike.

Mzee hajawahi kuona msimbo maishani mwake. Kidole chake kiliikuta ile 100 kwa mapigo matatu.

## Mikono ya mhasibu

Sitaeleza kila kosa nililofanya katika miezi ile minne, maana mengi yake ni makosa ya kila mwanafunzi. Nilinunua kwanza bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, ile ambayo kila mtu huanza nayo, ndipo nikagundua kwamba kompyuta haiitambui Uno kama ala ya muziki bila programu ya kuwatafsiria katikati. Nikarudi mjini kutafuta Pro Micro, ambayo chipu yake, ATmega32U4, inazungumza na kompyuta moja kwa moja kupitia kebo ya USB. Bodi hizi ni ndogo kama kidole gumba na zina miguu 18 ya kuunganishia, jambo ambalo mtu halijali mpaka anapohesabu vitufe vyake.

Kulehemu nilifundishwa na fundi wa redio aliye karibu na barabara kuu. Mwanzoni nilikuwa naiyeyusha lehemu kwenye ncha ya chuma kisha naibeba kwenda kuipaka kwenye waya, na viungo vyangu vyote vilitoka vya kijivu, vyenye vinundu, vilivyoshika leo na kuachia kesho. Fundi alinitazama nikifanya hivyo mara mbili kabla ya kuninyang'anya chuma. Alikiweka kwenye kiungo chenyewe, akahesabu moja, mbili, kisha akaigusisha lehemu upande wa pili wa kiungo, nayo ikatiririka yenyewe na kung'aa. Lehemu ya bati 60 kwa risasi 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Kama kiungo chenyewe hakijafikia joto hilo, lehemu inakilalia juu bila kukishika. Nilivifungua viungo vyote 40 na kuanza upya.

Kosa ambalo nataka kukaa nalo kidogo ni la noti ya nne.

Kwa kuwa miguu ilikuwa michache, nilivipanga vitufe vyangu 16 katika safu nne za kulala na nne za kusimama, ili miguu minane itoshe badala ya 16. Bodi huzipitia safu hizo moja baada ya nyingine kwa kasi na kuuliza ni kitufe gani kimefungwa. Ilifanya kazi vizuri mpaka usiku mmoja nilipobonyeza vitufe vitatu kwa pamoja na kusikia noti nne. Nilivibadilisha vitufe. Nilibadilisha nyaya. Kila nilipobonyeza pembe tatu za mstatili, pembe ya nne ililia yenyewe. Kwa siku mbili niliishi na noti ambayo hakuna aliyeipiga, na nakiri kwamba kabla sijaelewa nilianza kukiangalia kile kisanduku kwa jicho baya.

Sababu yake, nilipoipata, ilikuwa ya kihasibu kabisa. Umeme ulikuwa unarudi kinyumenyume kupitia vitufe vilivyofungwa, kama fedha inayoingizwa mara mbili kwenye daftari kwa kuwa hakuna aliyeandika ilikotoka. Dawa yake ni dayodi moja kwa kila kitufe, ambayo inauruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Nililehemu dayodi 16 za 1N4148, kila moja kiasi cha punje ya mchele, na mzimu ukatoka.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahia jambo lolote kazini mwaka huo.

## Nimetengeneza nini hasa?

Furaha hiyo ndiyo iliyotikiswa na maswali ya Mzee, na kwa wiki mbili za kwanza sikukigusa kisanduku. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba nimetengeneza ala. Nilipoanza kujihesabia kwa haki, nikaona kwamba mchoro wa saketi ulikuwa wa mtu mwingine, maktaba za msimbo za watu wengine, na hata umbo la kisanduku si langu. Umbo hilo la vitufe 4 kwa 4 lilizoeleka kwa sababu ya MPC60 ya Akai, mashine iliyobuniwa na Roger Linn na kuuzwa kuanzia mwaka 1988. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba vibonyezo vya MPC60 vilihisi nguvu ya kidole. Mimi nilinakili mpangilio wa vibonyezo nikaacha kuhisi kwake.

Hapa Kampala yuko Brian Bamanya, anayejulikana kwa jina la Afrorack, ambaye alijijengea sinthesaiza ya vipande kwa mikono yake kwa kuwa za kununua zilikuwa ghali mno, na mwaka 2022 alitoa albamu iliyopigwa kwa mashine zake mwenyewe. Nilikuwa nikimtaja kama mfano wangu. Ila yeye alitengeneza kitu kinachotoa sauti: umeme unatetemeka ndani ya saketi zake na mtetemo huo ndio muziki. Mimi nilitengeneza kengele ya stesheni, tena kengele yenye mlio mmoja.

Kuna jioni nilifikiri kumpa mtoto wa jirani kisanduku chote achezee.

Sikumpa, na sababu yake si ushujaa. Nilikuwa nimebakiwa na vihisio vya piezo, vile visahani vya shaba vyenye upana wa milimita 27, ambavyo nilivinunua mapema bila kujua vya nini kwa sababu vilikuwa rahisi. Kihisio cha piezo kina fuwele ambayo ikipindwa kidogo hutoa umeme, na ikigongwa zaidi hutoa zaidi. Hakina kufungwa wala kufunguliwa, kina kiasi. Nikakigandisha kimoja chini ya kipande cha plaiwudi, nikaweka rezista ya megaomu moja sambamba nacho ili umeme upate pa kushukia, na dayodi za kuilinda bodi, nikakigonga kwa kijiti huku naangalia namba kwenye kompyuta.

Ikatoka 22. Kisha 71. Kisha 64, kisha 118.

## Ubao mmoja

Hapo nikaamua kujenga upya, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza umbo liwe lipi. Jibu lilikuwa limekaa barazani kwangu likinywa chai. Amadinda yana vibao 12. Nilinunua multipleksa ya 74HC4067, chipu yenye njia 16 zinazosomwa kwa zamu kupitia mguu mmoja wa bodi, nikakata vipande 12 vya plaiwudi, nikavipanga kwa urefu kama vibao vya amadinda, nikavigongomea kwenye ubao mmoja mzito wa mvule niliopewa kwa bei ya kirafiki na wapasua mbao. Ubao ulikuwa mzuri. Niliupiga msasa jioni mbili.

Ilikuwa vurugu.

Nilipokigonga kibao cha tatu, cha pili na cha nne vililia pia. Nilipokigonga cha saba kwa nguvu, karibu vyote vilitoa sauti, kila kimoja kwa nguvu yake ndogo, kama darasa linalojibu swali aliloulizwa mmoja. Mvule ni mti mgumu na ulikuwa unausafirisha mtetemo kutoka mwisho mmoja wa ubao mpaka mwingine bila kupunguza kitu. Mafunzo yote niliyosoma yalishauri kupandisha kiwango cha chini ambacho bodi inakihesabu kuwa ni pigo, nami nikakipandisha, nikakipandisha tena, mpaka majirani wakanyamaza. Ila sasa mapigo mepesi nayo yalinyamaza. Kibao kilisikia kuanzia kama 60 kwenda juu, na chini ya hapo kilikuwa kiziwi. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kurudi kwenye swali lilelile la Mzee: hiki nacho kingemjibu kidole chake cha kwanza, kile cha upole, kwa kutomjibu kabisa.

Nilimwita aone, zaidi kwa kukata tamaa kuliko kwa kutafuta ushauri. Hakugonga kitu. Aliinama, akapitisha mkono chini ya ubao.

"Umezigongomea zote kwenye mti mmoja?"

"Ndiyo, Mzee. Ili zisitikisike."

"Amadinda hayagongomelewi," akasema. "Yakigongomelewa yanakufa. Yanalazwa juu ya migomba."

Kila aliyewahi kuona amadinda ameliona hilo, hata mimi. Vibao vya msambya vinalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba vilivyokatwa siku hiyohiyo, na vijiti vyembamba vinachomekwa ndani ya vigogo katikati ya kibao na kibao ili visigusane. Nilidhani migomba inatumika kwa sababu ndiyo iliyopo. Katika Buganda ukinyoosha mkono unagusa mgomba. Sikuwahi kufikiri kwamba kigogo kile chenye maji na nyuzinyuzi kinafanya kazi ya kuumeza mtetemo, kukiacha kila kibao kilie peke yake, na kukizuia kisimpelekee jirani habari zisizomhusu. Jina la tatizo langu kwa lugha ya mafundi wa saketi nilikuwa nalijua, na kurasa kadhaa za dawa zake nilikuwa nimezisoma. Dawa ilikuwa imelala chini ya vibao muda wote huo.

Ningependa kuandika kwamba nilikata mgomba na mambo yakanyooka, lakini mgomba unatoa maji, na maji na saketi havikai nyumba moja. Nilijaribu vipande vya godoro. Vibao vikarukaruka na kila pigo likahesabiwa mara mbili. Mwishowe nilikata nyayo za kandambili nne za zamani, nikazigandisha ziwe mikanda miwili mirefu, nikavilaza vibao juu yake na kuchomeka spoki za baiskeli katikati, kama vijiti. Majirani wakatulia, si wote, lakini wengi. Waliobaki niliwanyamazisha kwa msimbo: pigo hafifu likitokea ndani ya milisekunde tatu baada ya pigo kubwa la kibao cha jirani, lisihesabiwe. Kiwango cha chini nikakirudisha mpaka 9.

Mzee akapitisha ukucha juu ya kibao cha tano. Spika ikanong'ona.

Hakusema kitu, ila alikaa mpaka giza likaingia.

## Senti za aina nyingine

Lilibaki suala la sauti zenyewe. Piano imeigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100, na hapa nazungumzia senti za muziki ambazo oktavu moja ina 1200. Amadinda yanaigawa oktavu hiyohiyo katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa, na 1200 ukigawanya kwa tano unapata 240. Hakuna noti ya piano inayoangukia hapo. Kwa hiyo ukichukua noti za piano na kuziita amadinda, kama nilivyofanya kwenye kisanduku cha kwanza, unapata kitu kinachofanana na amadinda kwa mtu aliyeko barabarani.

MIDI ina ujumbe wa kupinda noti, wenye namba kuanzia 0 mpaka 16383, katikati yake ikiwa 8192, na kwa kawaida unaweza kuisogeza noti senti 200 juu au chini. Tatizo ni kwamba unaipinda chaneli nzima, si noti moja. Nikazitumia chaneli tano, moja kwa kila hatua, na nikaifurahia hesabu hiyo kama ninavyoifurahia mizania iliyofunga: ya kwanza 8192, ya pili 9830 kwa kuwa inahitaji kupanda senti 40, ya tatu 7373, ya nne 9011, ya tano 6554. Usawa mtupu. Nilimpigia Mzee zote tano kwa mpangilio nikijiona nimefika.

Akafumba macho. "Huyu wa nne ana haraka."

Nilimwonyesha hesabu. Akaniuliza kama hesabu imewahi kuimba. Ilibidi nimshushie wa nne kidogokidogo mpaka aliponyoosha mkono kunizuia, na namba ilikuwa 8700, yaani senti kama nane chini ya pale mgawanyo wangu ulipotaka. Wa pili naye tukamgusa. Kisha siku iliyofuata alikuja akamsikiliza tena wa nne na kusema kwamba jana alikuwa na mafua, tumpandishe kidogo. Daftari langu la namba hizo limejaa mistari iliyofutwa, na kama lingekuwa daftari la dukani ningefukuzwa kazi.

Hapa pana shaka ambayo sijaimaliza. Mimi si Muganda, na muziki huu una wenyewe. Mwaka 1966 jeshi liliposhambulia Lubiri pale Mengo, wapigaji wa kasri walitawanyika na ala zikaharibika, na Mzee, aliyekuwa kijana wakati huo, huufika mwaka huo katika maelezo yake na kuuruka kama mtu anayeruka mfereji. Nilimuuliza kama ananiona ninachezea kitu kisichochezewa. Alijibu kwamba vibao vyangu ni vya plaiwudi na migomba yangu ni viatu, kwa hiyo nisijipe cheo.

Nimelichukua jibu hilo kama lilivyo.

## Pande mbili

Kisanduku cha kwanza kilikuwa na upande mmoja: mtu mmoja, vitufe vimemwelekea yeye, kompyuta mbele yake. Amadinda hupigwa na watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana, mmoja kila upande, wakigonga ncha za vibao vilevile. Wa kwanza, omunazi, anaweka mapigo yake, na wa pili, omwawuzi, anayaingiza yake katikati ya hayo, moja kwa moja, kwa mwendo uleule. Wa tatu anavishughulikia vibao viwili vya juu. Yakishakolea, mapigo hayo yaliyofumana yanatoa nyimbo ambazo hakuna mkono mmoja uliozipiga, na masikio ya msikilizaji ndiyo yanayozikusanya. Nilimsimulia Mzee habari ya noti yangu ya nne na dayodi 16 nilizotumia kuifukuza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema wengine hukaa watatu usiku kucha wakiitafuta.

Jumamosi iliyopita tulikaa hivyo, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa barabara, vibao katikati. Alianza peke yake na akasimama baada ya mapigo machache. Sauti ilikuwa inachelewa. Kompyuta yangu ilikuwa inakusanya sampuli 1024, yaani vipande vidogo vya sauti, kabla ya kuzitoa, na kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 23, muda ambao mimi siuhisi hata kidogo na ambao yeye aliuita "kuongea na mtu aliye bondeni." Nikashusha mpaka 128, spika ikaanza kukwaruza, nikapandisha mpaka 256, chini kidogo ya milisekunde sita. Akagonga tena, akaitikia.

Kisha akanipa sehemu ya omwawuzi. Ni mapigo machache tu, hata mtoto anaweza kuyakariri, na nilikuwa nimeyakariri. Ugumu ni kuyaweka pale ambapo yeye hayupo. Kila alipoongeza mwendo nilijikuta nimemwangukia juu yake, tukigonga pamoja kama watu wawili wanaopishana mlangoni na kila mmoja akakwepea upande uleule. Alinirudisha mwanzo mara nyingi. Kwa muda wa labda pumzi nne au tano nilikaa mahali pangu, na katika pumzi hizo nilisikia kitu cha tatu kikipita juu ya vibao, kisha nikakisikiliza, kisha nikakipoteza.

Tulipopumzika, aliigeukia kompyuta. Nilikuwa nimeacha wazi lile dirisha linaloandika kila ujumbe unaoingia, na namba zilikuwa zimejaza kioo kizima kutoka juu mpaka chini, za kwake na za kwangu zikipishana.

"Hizo zinasemaje?"

Mzee haoni vizuri karibu bila miwani, na miwani ilikuwa nyumbani kwake. Nikavuta kiti. Namba ya tatu ya mapigo yake ilikuwa 48, 91, 37, 40, 88, 52, ikipanda na kushuka kama mtu anayezungumza. Ya kwangu ilikuwa 112, 112, 110, 112, 113, 112.

Nilimsomea za kwake kwanza.